Nianike au Nianue?

Nilifika Kangagani na ramani ya rangi tatu,
kijani, manjano, hudhurungi,
imekunjwa vizuri kama cheti cha ndoa.
Nikaitandaza pembeni mwa jamvi
nikaisoma kwa sauti niliyofundishwa chuoni:
"Mvua za vuli zinatarajiwa kuwa za wastani
hadi juu ya wastani."

Mkasi Hamadi alikuwa anachambua karafuu,
makonyo huku, punje huku.
Hakuinua uso.
"Wastani wa nani?
Maji yakinifika gotini, mpunga wangu unacheka.
Yakimfika gotini Kombo, kule chini, kesha zikwa.
Huyo wastani wako analima bonde gani?"

Niliomba maji ya kunywa.

Akaongeza, bado anachambua:
"Pishi kumi na mbili hizi, zataka jua siku nne.
Asubuhi natoka, natazama juu.
Neno langu moja tu:
nianike au nianue?"

Nikasema ipo na taarifa nyingine,
hutoka kila baada ya siku kumi.
"Aa," akasema Kombo Shaame. "Mwongo."
Jamvi zima likacheka.
Masikio yakanipata moto: miaka minne ya chuo,
picha za satelaiti, nauli ya boti,
naja kuitwa mwongo mbele za watoto.

"Si wewe, bwana!
Siye twahesabu toka Siku ya Mwaka.
Kumi la kwanza, mwongo wa kwanza.
Mpunga wa masika, mama hakuutia ardhini
kabla ya mwongo wa ishirini.
Umetuletea kitu chetu, umekivisha suti."

Basi tukakaa, siku tatu, darasa la pili la skuli,
magoti yamegonga madawati ya watoto.
Wakafuta milimita. Wakaandika:
maji ya kifundo, maji ya goti, maji ya kuhama.
Wakafuta saa tatu asubuhi: "Saa tatu jamvi lishatandikwa."
Ije baada ya sala ya alfajiri.
Ije kwa sauti, maana Bi Time macho yamechoka
na mjukuu wake husoma anachotaka.

Hapo ndipo nilipogoma.
Nikawaambia, mbingu haziweki ahadi,
hakika mimi sina.
"Nani kakuomba hakika?" Mkasi akasema.
"Hata mume sikumpata kwa hakika."
Akahesabu punje kumi kiganjani mwangu,
akazihamisha saba mkono wa pili.
"Sema hivi. Siku kumi kama ya leo, saba hunyesha.
Kisha useme, ingekuwa jamvi lako, ungefanyaje."

Ningefanyaje.
Katika fomu zetu zote hapakuwa na kisanduku cha swali hilo.

Mwongo wa kumi, Jumanne, nikatuma sauti yangu:
punje mbili tu za mvua, nane za jua.
Ingekuwa jamvi langu, ningeanika.

Saa nane mchana, Wete, ofisini,
bati la jirani likaanza kulia,
kwanza kidogo, kama mtu anayetafuta funguo,
kisha lote.
Sikutazama kioo cha kompyuta.
Nilitazama kiganja changu.

Simu ikaja magharibi.
"Pishi tano zimekuwa mpeta," Mkasi akasema.
Akanyamaza. Nikasikia mbuzi, nikasikia sufuria.
"Mwongo we."
Na mpaka leo sijui
alikusudia lipi kati ya maneno mawili.

Kisha: "Kesho utaleta?"
"Nitaleta."
"Basi uanze na la jana. Useme tulikosea.
Usiseme hali ilibadilika. Sema tulikosea,
ndipo na la kesho tulisikilize."

Alfajiri nikawasha kinasa sauti.
Nje mawingu yalikuwa membamba, hayana neno.
Mkononi nilikuwa na punje kumi, zingali na harufu kali,
nikazigawa, nikazirudisha, nikazigawa tena.

"Asalaam aleikum, Kangagani.
Jana tulikosea."